KIFUA KIKUU: KIKOHOZI KIKITULIA, MIKROBI INAWEZA KUWA IMELALA

Mgonjwa wa kifua kikuu akimeza dawa kwa wiki chache, kikohozi hutulia na nguvu hurudi. Anasema: «Nimepona.» Munganga anamkatalia: «Endelea, miezi 6 haijatimia.» Kwa nini?

Mikrobi ya ugonjwa huu, ambayo Robert Koch aliitangaza mwaka 1882, huzaana pale penye oksijeni. Mwili ukiizingira ndani ya mapafu, oksijeni hupungua. Hapo protini zake mbili, DosS na DosT, hufanya kazi ya mlinzi anayepima hewa ndani ya shimo. Zikiona oksijeni imepungua, zinaamsha protini ya tatu, DosR.

DosR ni kama kapita. Maagizo yote ya mikrobi yameandikwa katika jeni, mfano wa kitabu kikubwa cha ofisini. Kuna karani, yaani polimerasi ya RNA, ambaye hunakili ukurasa unaotakiwa tu, na kwa nakala hiyo protini hutengenezwa. DosR hushika mahali zinapoanzia jeni karibu 50 na kumwelekeza karani: «Nakili hizi.» Protini hizo mpya husaidia mikrobi kupunguza kazi, kuacha kuzaana na kungoja. Inaweza kungoja miaka mingi.

Dawa huua upesi mikrobi inayozaana. Ile iliyolala hufa polepole. Hiyo ni sababu moja ya matibabu ya kawaida kuchukua miezi 6. Dawa moja, rifampisini, humzuia karani yule asinakili. Lakini ukimeza leo na kuacha kesho, mikrobi zisizosikia dawa hubaki na kuongezeka, na kukuponya kunakuwa kazi ngumu.

Wanaotoboa mwamba wana hatari zaidi: vumbi la silika hudhoofisha chembe zinazolinda mapafu, na mikrobi iliyolala hupata nafasi ya kuamka. Basi:

— Tumia maji wakati wa kutoboa, na vaa maski yako.
— Ukikohoa wiki 2 au zaidi, nenda hospitali wakupime makohozi.
— Maliza dawa zote, hata kama unajisikia mzima.

Nanyi mama wa nyumba, mkumbusheni baba kila siku. Vidonge vya mwisho vina kazi kama vile vya kwanza.