Nani Awezaye Kufungisha Ndoa?

Kwa Waislamu wa Diani na Msambweni, kama kwingineko pwani, baba ndiye walii wa binti, naye ndiye mwenye haki ya kumwoza. Hushikana mkono na bwana arusi mbele ya mashahidi wawili, akatamka kwamba amemwoza binti yake kwa mahari waliyopatana. Bwana arusi hujibu kwamba amekubali. Wako wazee waonao haya, au wasioyajua maneno yenyewe. Hao humpa sheikh au ndugu mwenye elimu uwakala.

Lakini Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yataka ndoa ya Kiislamu ifungishwe na kadhi, sheikh au imamu aliyepewa idhini na Msajili wa Ndoa. Huyo ndiye aiandikaye na kutoa cheti. Basi baba na atamke, ila mwenye idhini awepo hapo hapo. Jambo hili si dogo: mume afapo, mjane asiye na cheti hupata taabu kuthibitisha kwamba alikuwa mkewe, hasa ikiwa mashahidi nao wamekwisha kufa.

Wageni wajao kuoana ufuoni Diani nao hukosea. Katika majimbo mengi ya Marekani rafiki aweza kujipatia cheo cha kasisi kwa muda mfupi tu, akafungisha ndoa. Kenya haina ruhusa hiyo. Ndoa ya serikali hufungishwa na Msajili, baada ya notisi ambayo kwa kawaida ni ya siku 21. Rafiki aweza kusimama mchangani akanena apendavyo. Atiaye sahihi ni Msajili.