Hedifoni ya Kwanza na Magitaa ya Tabora

Anayenunua hedifoni yake ya kwanza ya maana huambiwa aijaribu kwa muziki mpya wenye besi nzito. Mimi nasema aanze na Tabora. Mji huu, uliokuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, ulizaa bendi zilizojulikana nchi nzima: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ya Shem Karenga iliyovuma kwa "Dada Asha". Nyimbo zao nyingi za redioni zilirekodiwa kwa njia moja ya sauti, na ndiyo maana zinamfaa sana mnunuzi.

Sauti ya njia moja hufika masikio yote mawili ikiwa sawasawa. Ubongo hutambua sauti inatoka upande gani kwa kulinganisha sikio na sikio: lipi limeipata mapema, lipi limeipata kwa nguvu. Tofauti isipokuwepo, huiweka sauti katikati ya kichwa. Basi vaa hedifoni palepale dukani, piga wimbo wa zamani wa Tabora, usikilize mwimbaji amesimama wapi. Akielemea kushoto, geuza: ya kulia iwe kushoto. Akihamia kulia, tazama kwanza mpangilio wa sauti kwenye simu; ukiwa sawa, spika mbili za ndani hazilingani. Mrudishie mwenye duka. Akibaki kushoto, fikiria sikio lako. Huenda lina nta, na nta hutolewa na daktari, si kwa njiti.

Sasa besi. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu haina ubavu wa kutoa mtetemo huo. Hutoa ile ya juu yake tu, na ubongo hujaza msingi uliokosekana. Ndiyo kusema kuna watu wamezipenda nyimbo hizi miaka mingi bila kulisikia besi lenyewe. Hedifoni ya kuchomeka sikioni, japo ni ndogo, hulitoa, kwa sharti moja: sikio lizibwe vizuri. Penye mwanya, mgandamizo wa hewa huvuja na besi hutoweka, hata kama umelipa laki mbili. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu, jaribu raba za saizi zote zilizomo kwenye boksi. Kupata raba inayokukaa sawasawa ni maboresho makubwa kuliko mengi yanayouzwa.

Soma pia kipimo cha omu, yaani ukinzani wa hedifoni kwa umeme. Hedifoni za omu 16 au 32 simu huzimudu. Za 250 au 300 hudai amplifaya, na anayeanza hana haja nazo.

Halafu kuna faili. Wimbo uliobanwa sana hupoteza kwanza sauti za juu, yaani mlio wa matoazi na ukucha wa gitaa la solo, na hakuna hedifoni inayoweza kurudisha kilichokwisha kufutwa. Tafuta nakala safi kwanza.

Kuziba sikio kuna faida nyingine. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara, ina makelele yake, na abiria mwenye hedifoni isiyoziba huongeza sauti ili kuyashinda. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, saa hizo hushuka hadi 4. Seli za kusikia zikifa, hazioti tena.

Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu, chukua hedifoni ya waya, inayoziba, na yenye waya unaochomoka. Haina betri ya kuchoka, na waya, ambao kwa kawaida ndio hukatika kwanza, utaubadilisha peke yake.