Malisho ya Oktoba

Ukisimama juu ya milima ya Lyamba lya Mfipa mwezi Machi, Bonde la Rukwa lote ni kijani, na hapo ndipo hesabu mbovu huzaliwa. Mtu hupima nyasi, huzigawa kwa mlo wa nyati, kisha hutangaza kwamba bonde lingeweza kulisha wanyama mara kumi ya waliopo. Kwa nini basi hawapo? Atakuambia mizimu imekasirika. Sumbawanga, mji ulio kwenye nyanda za Ufipa juu ya bonde, umebebeshwa uchawi vya kutosha; nyasi zenyewe zinatosha kueleza.

Nyati wa kilo 500 hula takriban asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, majani yakipimwa makavu: kilo 12 na nusu, yaani tani 4.5 kwa mwaka. Ugumu uko kwenye zile nyasi unazogawa. Nyingi hukanyagwa, huliwa na mchwa na panzi, au huteketea kwa moto wa kiangazi. Zinazobaki zimekuwa mabua. Protini ikishuka chini ya asilimia 6 au 7 hivi, vijidudu vilivyomo tumboni mwa mnyama anayecheua hukosa lishe, chakula huchelewa kusagika, naye hukonda huku tumbo limejaa.

Wengine hukimbilia mvua. Malcolm Coe na wenzake walionyesha mwaka 1976 kwamba mvua ikiongezeka, uzito wa jumla wa wanyama walao majani huongezeka pia. Ni kweli, ila hadi milimita 700 hivi kwa mwaka. Ufipa hupata zaidi, na kwenye miombo yenye udongo hafifu mvua hiyo huotesha nyasi ndefu zisizo na nguvu.

Ningeendelea na udongo, lakini siwezi kumpita Desmond Vesey-FitzGerald, mtaalamu wa huduma ya kudhibiti nzige wekundu iliyokuwa Abercorn, Mbala ya leo. Mwaka 1960 aliandika jinsi wanyama wa Rukwa wanavyopokezana malisho: tembo hutangulia kwenye nyasi ndefu, huzila na kuzilaza, nyati hufuata, machipukizi yanayotoka huwafaa wanyama wadogo zaidi, nyamera miongoni mwao. Kwa hiyo ukiondoa tembo na nyati ili nyamera washibe, umewanyima chakula. Nyasi zitakuwepo, tena nyingi, ngumu na ndefu kuwapita. Hakuna mizani ya Machi itakayokuonyesha hilo.

Pima Oktoba, kiangazi kinapoelekea kuisha. Hesabu hekta zenye nyasi mbichi tu, tena zile ambazo mnyama anaweza kuzifikia na kurudi majini. Kule kwenye Hifadhi ya Katavi, mto Katuma unapopungua kwa sababu maji yamechepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga, hekta hizo hupungua hata mwaka wenye mvua nzuri.