Jiko la Mkaa Lisilale Chumbani

Ikifika miezi ya Juni na Julai, wakazi wa Njombe na Makete hawahitaji kuelezwa baridi ni nini. Familia iliyopanga chumba kimoja hupikia barazani, kisha makaa yakishakolea jiko huingizwa ndani, mlango hufungwa na upenyo wa dirisha huzibwa kwa nguo. Wengi hudhani kinachodhuru ni moshi, na kwa kuwa moshi umekwisha, hatari nayo imekwisha. Sivyo.

Mkaa uliokolea hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta huingia katika damu na kung'ang'ania chembechembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anapumua kama kawaida, kumbe ubongo na moyo vinakosa oksijeni. Aliyelala hana nafasi ya kushtuka. Mtoto aliye tumboni mwa mama huweza kuumia kuliko mama mwenyewe.

Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu. Hapo ndipo wengi hukimbilia dawa za malaria. Jiulizeni: mbona tumeumwa wote usiku mmoja, tena bila homa? Mbona tukitoka nje tunapata nafuu?

Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango, mtoe nje mara moja, kisha mpeleke hospitali akapewe oksijeni, hata kama amekwisha kuzinduka. Maziwa hayasaidii, kwani sumu haimo tumboni, na aliyezimia aweza kupaliwa.

Wako wapangaji waliofungiwa darini vifaa vya kutambua moshi. Vinafaa kwa moto, lakini vile vya kawaida havitambui hewa hii. Kuna vingine vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili yake. Mwenye nyumba naye angesaidia sana kwa kujenga jiko la nje lenye paa, ili mvua isiwalazimishe wapangaji kupikia ndani.

Tunajua wengi huingiza jiko kwa kuogopa wezi, wala si kwa baridi. Basi yamwage makaa nje, yazime kwa maji, ndipo uingize jiko tupu. Kuyafukia kwa majivu si kuyazima: huendelea kuwaka chini kwa chini, na hewa ile ile hutoka.