Taasisi za kisiasa za kigeni: zinatusaidia au zinatuongoza?



Katika mikutano yetu na komite za wakimbizi wa ndani, swali moja linarudi mara kwa mara: wageni wanaoitisha semina za demokrasia wanatafuta nini? Wengine wanasema ni msaada, wengine wanasema ni siasa ya wazungu tu. Ili tusibishane bure, tuangalie mfano mmoja unaojulikana vizuri.

Taasisi ya Friedrich Ebert ni nini?

Ilianzishwa Ujerumani mwaka 1925. Wanazi waliifunga mwaka 1933, ikafufuliwa baada ya Vita Kuu vya Pili. Iko karibu na SPD, chama cha mrengo wa kushoto, yaani chama kinachotetea wafanyakazi na usawa. Inafanya utafiti, inatoa mafunzo na kulipia wanafunzi masomo. Pesa zake nyingi zinatoka katika bajeti ya serikali ya Ujerumani. Vyama vingine vya huko navyo vina taasisi zao: ile ya Konrad Adenauer iko karibu na chama cha CDU.

Wakimbizi waliounda chama

Ureno ilitawaliwa kidikteta kuanzia mwaka 1926. Wapinzani wengi walifungwa au walikimbia nchi. Mmoja wao, Mário Soares, aliishi uhamishoni Ufaransa. Tarehe 19 Aprili 1973, yeye na wenzake walikutana katika mji wa Bad Münstereifel, Ujerumani, kwa msaada wa taasisi hiyo. Wajumbe 27 walijadili kama kikundi chao kigeuke kuwa chama. Kura 20 zilikubali, 7 zilikataa. Ndivyo Chama cha Kisoshalisti cha Ureno kilivyozaliwa.

Tarehe 25 Aprili 1974, udikteta ulianguka. Walioupindua ni wanajeshi wa Ureno wenyewe, waliochoshwa na vita vya Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau. Taasisi haikufyatua risasi wala haikupiga kura. Lakini ilipokuja saa ya uchaguzi, mwaka 1975, chama cha Soares kilikuwa na viongozi, marafiki wa nje na uwezo wa kufanya kampeni. Kikashika nafasi ya kwanza, na mwaka 1976 Soares akawa waziri mkuu.

Faida na hatari

Tunaona nguvu ya taasisi ya namna hii: inatoa mahali pa kukutana, ujuzi, pesa na watu wa kujuana nao. Hatari iko hapo hapo. Anayesaidia chama kimoja anakiongezea nguvu mbele ya vingine, na mwenye pesa anaweza kuchagua nani asikilizwe. Kwa upande mwingine, serikali isiyopenda kukosolewa inaweza kutumia hofu hiyo kufunga kila mlango. Mwaka 2022 Urusi ilifuta usajili wa mashirika 15 ya kigeni, yakiwemo taasisi ya Ebert, ile ya Adenauer na Amnesty International.

Tuulize nini?

Viongozi wa kambi na wa mitaa, mkialikwa semina, ulizeni waziwazi:

- Nani analipa, na yeye anapata pesa wapi?
- Nani amechagua mada, sisi au wao?
- Je, wanawake, vijana na watu wa makabila yote wamealikwa?
- Wageni wakiondoka, uamuzi unabaki mikononi mwa nani?

Swali la mwisho ndilo zito. Kule Ujerumani, wenyeji walitoa ukumbi, lakini kura zilipigwa na Wareno, na wale 7 waliweza kukataa mbele ya wafadhili. Kama katika semina hakuna anayeweza kusema hapana, hayo si mafunzo ya demokrasia.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuwapokee wageni, tuchukue ujuzi wao. Amani ya vijiji vyetu, pamoja na siku na njia ya kurudi nyumbani, tuamue wenyewe.