Mashine ya wakfu isingoje mvua

Pepo za kaskazi zinapoanza kulegea na joto la mwezi wa Machi kutukera sisi wa Mombasa, mimi huwa na kazi moja isiyo budi kumalizika kabla ya wingu la kwanza. Kazi hiyo ni kuitengeneza mashine ya kukatia majani ya chuo chetu, nayo huifanyia uani kwangu. Mvua za masika, ambazo watu wa pwani huziita mvua za mwaka, huanza kati ya Machi na Aprili na kushika kasi mwezi wa Mei. Majani nayo hayangoji mtu. Uwanja ukiachwa juma chache huwa kichaka, na watoto wa chuo hawaoni wanapokanyaga.

Mashine hiyo ni mali ya wakfu. Ilinunuliwa kwa mchango wa watu wa mtaa, na baadhi ya waliotoa wamekwisha kututangulia mbele ya haki. Ndiyo sababu nasema kuitunza si ufundi tu, bali ni amana. Kitu cha watu wengi kina hatari yake: kila mmoja humtegemea mwenzake, na mwisho kikaliwa na kutu hali wote wanakitazama. Kisha mchango hupitishwa tena kwa watu wale wale.

Huenda msomaji akadhani mashine hii ni mambo ya wenye majumba makubwa. Lakini asili yake ni kiwanda cha nguo. Mwingereza mmoja wa mji wa Stroud, Edwin Budding, aliiona mashine iliyokuwa ikinyoa manyoya ya juu ya kitambaa cha sufu, akawaza kwamba kinachonyoa kitambaa chaweza kunyoa na majani. Alisajili uvumbuzi wake mwaka wa 1830. Ile yake ilisukumwa kwa mikono. Hii yetu huenda kwa petroli, na kisu chake kirefu huzunguka kwa kasi chini ya bati.

Kisu hicho ndicho cha kuogopwa. Kwa hivyo, kabla ya kugusa chochote, chomoa waya wa plagi na uuweke mbali. Mashine iliyozimwa bado ina hila. Ukikizungusha kisu kwa mkono, injini nayo huzunguka, na cheche moja yatosha kuiwasha. Kijana tunayempa kazi ya kukata majani anakula kwa mikono yake, na kidole hakina spea.

Pili ni petroli. Iliyobaki tangu mvua za vuli imekwisha kufa, kwani baada ya kiasi cha mwezi mmoja petroli huanza kuharibika na kuacha gundi katika vijitundu vya kabureta. Itoe uwanjani, mbali na jiko na sigara, uitie katika chombo na kuwapelekea watu wa gereji, usiimwage mtaroni. Mwaka mmoja fundi alitaka kutuuzia kabureta nzima. Tuliisafisha ile ile kuukuu, tukatia petroli mpya, na mashine ikawaka.

Tatu ni oili. Ikiwa nyeusi kama wino, ibadilishe. Injini nyingi za mipigo minne za mashine hizi huchukua nusu lita au zaidi kidogo, na oili ya SAE 30 hulifaa joto letu. Usipitishe alama. Chujio la hewa likiwa la sponji, lioshe kwa sabuni, likauke, ulitie oili kidogo na kulikamua. La karatasi halioshwi. Likigongwagongwa lisitoe vumbi, nunua jingine. Plagi isugue kwa brashi ya waya. Mwanya wake katika injini nyingi ni kama milimita 0.76, ila kitabu cha mashine yako ndicho hakimu.

Mwisho ni kisu chenyewe. Ilaze mashine ubavu, upande wa kabureta ukiwa juu, ili oili na petroli zisiingie mahali pasipo pake. Kwangua majani yaliyogandamana chini ya bati, maana hayo pamoja na hewa ya chumvi ya bahari ndiyo yanayoitoboa. Kifungue kisu kwa spana, ukinoe kwa tupa ukifuata mteremko wake wa asili, pande zote mbili sawasawa. Kisha kitundike kwa tundu lake la katikati juu ya msumari. Upande ukishuka ni mzito, upunguze. Kisu kisicho na mizani huitetemesha mashine hata ekseli ikaharibika. Kilichopinda au kupasuka hakichomelewi, hutupwa.

Kazi yote hii ni ya asubuhi moja. Baada yake huchukua kidaftari kinachoning'inia kando ya mashine, nikaandika tarehe, oili iliyotiwa, kilichonunuliwa na bei yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku nitakapokuwa sipo, atakayeishika mashine hii atajua pa kuanzia, na kamati haitalazimika kubisha milango ya watu kuomba ya pili.