Masomo ya Juu ya Takwimu: Funzo Kutoka Bukoba na Muleba

Wapo watumishi wa Serikali wanaoichukulia taaluma ya takwimu kuwa ni kazi ya kuhesabu na kujumlisha tu, na kwa hivyo hawaoni haja ya mtu mwenye shahada ya kwanza kurudi darasani kutafuta shahada ya uzamili. Makala haya yanaeleza anachojifunza mwanafunzi wa ngazi hiyo na faida yake kwa umma. Mfano unaotumika ni wa Mkoa wa Kagera, Tanzania Bara, kwa kuwa utafiti uliofanywa Bukoba, Muleba na wilaya jirani umekuwa ukitumiwa na wanafunzi na wataalamu wa nchi nyingi.

UTAFITI WENYEWE

Mwaka 1983 wagonjwa wa mwanzo wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, katika Hospitali ya Ndolage, Wilaya ya Muleba. Miaka iliyofuata ilikuwa ya misiba. Watu wazima wenye nguvu za kazi walifariki, mashamba ya migomba na kahawa yakakosa wa kuyahudumia, na mayatima wengi wakabaki mikononi mwa bibi zao. Ilihitajika kujulikana kifo cha mtu mzima kinaiathiri vipi kaya, na nani anastahili kusaidiwa kwanza. Ili kupata jibu, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya utafiti kati ya mwaka 1991 na 1994. Kaya 915 kutoka maeneo 51 zilihojiwa, na nyingi kati yake zilirudiwa hadi mara nne.

UZITO WA KILA KAYA

Lau kaya hizo zingechaguliwa kwa bahati nasibu peke yake, zilizofikwa na maradhi au msiba zingeweza kuwa chache mno kufaa kwa uchambuzi. Kwa hivyo ziliongezwa makusudi katika sampuli. Hapo ndipo elimu ya juu inapohitajika.

Tuchukulie kijiji chenye kaya 208, ambapo 28 zina mgonjwa au zimefiwa, na 180 hazina tatizo hilo. Mtafiti akichukua kaya 14 katika kundi la kwanza na 2 katika kundi la pili, atapata kaya 16. Asiyejua kanuni atatangaza kuwa takriban kaya 88 katika kila 100 zimeathirika. Mwenye elimu atatambua kuwa kila kaya ya kundi la kwanza inawakilisha kaya 2, na kila kaya ya kundi la pili inawakilisha kaya 90. Akizipa uzito huo, atapata jibu sahihi, yaani takriban kaya 13 katika kila 100. Majibu ya wananchi ni yale yale, lakini hesabu moja ingeipotosha bajeti ya wilaya nzima na nyengine ingeiongoza.

WALIOHAMA

Mwaka 2004 watafiti walirudi Kagera. Wengi waliohojiwa mwanzo, wakiwemo waliokuwa watoto wakati ule, walikuwa wamekwishahama kwa ajili ya ndoa, kazi au biashara. Badala ya kuwafuta katika orodha, wadadisi waliwafuata hadi Mwanza, Dar es Salaam na hata Uganda. Kaya zile 915 zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700.

Juhudi hiyo ilileta matunda. Ilibainika kuwa matumizi ya waliohama yaliongezeka kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ya wenzao waliobaki. Lau wangehojiwa waliobaki vijijini tu, maendeleo ya watu wale yangeonekana madogo kuliko yalivyokuwa. Mwaka 2010 kazi ya kuwafuatilia ilifanywa tena. Funzo ni kwamba mtu asiyepatikana nyumbani aghalabu hafanani na aliyepatikana, na anayemwacha hupotosha jibu bila ya kujua.

YANAYOSOMWA

Masomo ya uzamili hujumuisha nadharia ya uwezekano, uchaguzi wa sampuli, upimaji wa makosa, na uchambuzi wa takwimu kwa kompyuta. Aghalabu mwanafunzi huhitimisha kwa kuandika tasnifu. Anayeomba hutakiwa kwa kawaida kuwa na shahada ya kwanza yenye msingi wa hisabati, takwimu au uchumi. Katika ukanda huu taaluma hii ina mizizi ya siku nyingi. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichopo Dar es Salaam, kilianzishwa mwaka 1961, na Taasisi ya Takwimu na Uchumi Tumizi ya Makerere ikafuata mwaka 1969. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho husomesha takwimu hadi ngazi ya uzamili.

WAJIBU WA MTUMISHI NA MWANANCHI

Mtumishi anayetaka kusoma fani hii anashauriwa kuchagua mada ya tasnifu inayohusu kazi ya ofisi yake, na kuwa tayari kutoka kwenda uwandani, maana dodoso lililojazwa ovyo halitengenezwi na kompyuta yoyote. Wakuu wa ofisi nao wanakumbushwa kuwa mtaalamu huyo aulizwe kabla ya utafiti kuanza. Akiitwa baada ya dodoso kurudi, makosa ya uchaguzi wa sampuli yatakuwa yameshatendeka, na mengine hayarekebishiki.

Kwa mwananchi wa Unguja na Pemba, mdadisi anapobisha hodi akifuatana na sheha, ifahamike kuwa kaya iliyochaguliwa inawasemea majirani wengi ambao hawatahojiwa. Anayeficha idadi ya watu wake, au anayekataa kueleza alikohamia mwanawe, hupunguza sauti ya kaya yake na ya wale wote inaowawakilisha, na mipango ya skuli, maji na hospitali hupangwa bila ya wao kuhesabiwa.